Jinsi ya Kufuatilia Ujenzi wa Jiji kwa Kuhesabu Kreni

Takwimu rasmi za ujenzi huchelewa, na kila moja huchelewa kwa namna yake. Kibali cha ujenzi hueleza nia ya mwenye mradi, wala si kazi iliyoanza. Idadi ya majengo yaliyokabidhiwa hueleza maamuzi yaliyofanywa miaka kadhaa nyuma. Na makadirio ya thamani ya kazi hurekebishwa hata baada ya kuchapishwa. Kati ya kibali na makabidhiano kuna kipindi ambacho mtu yeyote anaweza kukiona kwa macho yake, yaani kipindi cha kusimamisha kiunzi cha jengo. Kwa majengo marefu, na kwa viwanja vilivyobanwa katikati ya jiji, alama ya kipindi hicho ni kreni ya mnara. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzihesabu kreni hizo kwa utaratibu, na namna ya kuisoma hesabu hiyo bila kuitwika mzigo isioweza kuubeba.

Kazi hii haikuanza leo. Kampuni ya ushauri wa gharama za ujenzi ya Rider Levett Bucknall hutoa fahirisi ya kreni mara mbili kwa mwaka kwa miji mikuu ya Australia, na nyingine kwa miji ya Amerika Kaskazini. Jijini London, kampuni ya ukaguzi wa hesabu na ushauri ya Deloitte hutoa ripoti maarufu ya ujenzi wa ofisi inayobeba jina la kreni, ingawa kinachohesabiwa ndani yake hasa ni miradi na ukubwa wa sakafu zake. Gazeti la The Irish Times la Dublin nalo, kwa miaka kadhaa katika muongo wa 2010, lilihesabu kila mwezi kreni zinazoonekana kutoka ghorofa ya saba ya jengo lake. Njia hizo tatu hazifanani hata kidogo, na kila moja inafaa kwa sababu wanaoitumia hawaibadilishi ovyo. Anayetazama kutoka dirisha moja haoni jiji zima, lakini akitazama kutoka dirisha lile lile kila mwezi anaweza kusema kwa haki kwamba sehemu anayoiona imeongezewa au imepunguziwa kazi.

Amua kwanza unachohesabu

Kabla ya kupanda juu ya jengo lolote na darubini, andika kanuni zako kwenye ukurasa mmoja. Kanuni ya kwanza ni mpaka. Unaweza kufuata mpaka wa kiutawala wa jiji, ambao utakurahisishia kulinganisha hesabu yako na takwimu za vibali na za idadi ya watu, au unaweza kufuata duara la kilomita kadhaa kutoka katikati ya jiji. Vyovyote utakavyochagua, mpaka usifuate macho yako. Ukihesabu “kila ninachokiona”, siku yenye ukungu itaonekana kama mwaka wa mdororo wa uchumi.

Kanuni ya pili ni aina ya kreni. Kinachotafutwa ni kreni yenye mlingoti uliosimikwa kwenye msingi wa zege au kufungwa kwenye jengo lenyewe, na yenye mkono unaozunguka juu yake. Aina kuu ni mbili. Ya kwanza ina mkono wa mlalo, na mzigo husogezwa na toroli linalotembea chini ya mkono huo. Baadhi yake zina kilele chenye umbo la pembetatu kinachoshikilia mkono kwa vyuma vya mvutano, na nyingine hazina kilele kabisa. Ya pili ina mkono unaopandishwa na kushushwa, nayo hutumiwa zaidi pale ambapo viwanja vimesongamana na mkono wa mlalo ungelazimika kupita juu ya mali ya jirani, au ambapo kreni kadhaa zinafanya kazi karibu karibu. Aina zote mbili zihesabiwe, na aina iandikwe, kwa sababu baadaye itakusaidia kuitambua kreni ukiwa mbali.

Kreni za magari na zile zinazotembea kwa minyororo ziachwe nje. Za magari mara nyingi huja asubuhi na kuondoka jioni, na idadi yake ya siku moja haielezi chochote kuhusu mwezi. Kreni za bandari na za karakana za meli ziachwe pia, hata kama ndizo zinazoonekana kuliko zote; mtu anayehesabu Belfast na kujumuisha Samson na Goliath, kreni mbili za njano za karakana ya Harland & Wolff zilizosimama tangu 1974 na 1969, atakuwa ameongeza kwenye kila hesabu yake vitu viwili visivyohusiana na ujenzi wa majengo. Zinazobaki kuamuliwa ni kreni ndogo zinazojikunjua na kusimama zenyewe, ambazo hutumika kwenye majengo ya ghorofa chache. Ushauri wangu ni kuziorodhesha katika safu yake peke yake, kwa sababu zikichanganywa na zile kubwa hubadilisha maana ya jumla, na zikiachwa kabisa huwezi kuzirudisha baadaye.

Amua pia kreni inaanza kuhesabiwa lini. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni kwamba mlingoti usio na mkono bado si kreni. Siku mkono unapofungwa ndiyo siku ya kuzaliwa, na siku mkono unaposhushwa ndiyo siku ya mwisho. Miradi isiyo na mwisho unaotabirika iwekewe alama maalumu. Sagrada Família ya Barcelona imekuwa ikijengwa tangu 1882, na kreni zake zimekuwa sehemu ya mandhari ya jiji kwa muda mrefu. Huwezi kuzisoma kama unavyosoma kreni ya jengo la makazi.

Vituo vya kutazamia

Jiji la ukubwa wa kati huhitaji vituo vitatu au vinne vya juu, vilivyopangwa ili kila mtaa uonekane kutoka angalau viwili. Paa la maegesho ya magari, kilima chenye bustani, daraja refu na ghorofa ya juu ya maktaba ya umma ni sehemu nzuri kwa sababu mbili: unaweza kuzifikia mwaka mzima bila kuomba ruhusa upya, na mrithi wako ataweza kuzifikia pia. Epuka dirisha la rafiki aliyepanga nyumba ghorofani, kwa kuwa akihama, mfululizo wako wa data unahama naye.

Tatizo la vituo vya juu ni kwamba jiji linalojengwa hukua mbele yake. Mnara uliouandika mwaka jana kama kreni mbili leo ni ukuta wa vioo unaoficha mtaa mzima ulio nyuma yake, na hesabu yako inapungua kwa sababu ya ujenzi uliofanikiwa. Kwa hiyo kituo ni cha kugundua, na mguu ni wa kuthibitisha: kila kreni mpya inayoonekana kutoka juu lazima ifuatwe hadi kwenye uzio wake, na mitaa iliyofichika ipitiwe kwa njia maalumu isiyobadilika katika kila mzunguko wa kuhesabu. Kituo kikizibwa kabisa, usikibadilishe ghafla. Tumia kituo cha zamani na kipya kwa pamoja kwa angalau mizunguko miwili, ili ujue tofauti iliyoletwa na kituo na tofauti iliyoletwa na jiji.

Kutoka kituo hadi kwenye ramani kuna hatua inayohitaji subira kidogo. Simama mahali pale pale, pima pembe ya dira kuelekea mlingoti (si kuelekea mkono, ambao utakuwa umegeuka kabla hujamaliza kuandika), kisha fanya hivyo hivyo kutoka kituo cha pili, na uchore mistari miwili kwenye ramani. Inapokatana ndipo kreni ilipo. Kumbuka kwamba kosa la nyuzi moja kwa umbali wa kilomita 3 ni kosa la mita 52 hivi ardhini, umbali unaotosha kukuhamishia kreni kwenye kiwanja cha ng’ambo ya barabara, na dira ya simu iliyo karibu na reli ya chuma hukosea zaidi ya hapo.

Kuna njia sahihi zaidi isiyohitaji kifaa. Tafuta mahali ambapo mlingoti wa kreni unasimama sawasawa nyuma ya ukingo wa jengo unalolijua, tuseme kona ya kushoto ya hoteli au mnara wa kanisa, na uchore mstari kutoka miguuni pako kupitia ukingo huo. Sogea hatua kumi pembeni, mlingoti utahama kutoka kwenye ukingo huo. Tafuta ukingo mwingine utakaolingana nao. Ukifanya hivyo kutoka vituo viwili, kosa hupungua hadi upana wa kiwanja au chini yake, na hapo picha ya angani ya eneo husika itakuonyesha shimo la msingi lilipo.

Daftari: mstari mmoja kwa kila kreni

Hapa ndipo miradi mingi ya kuhesabu kreni inapoharibika. Wahesabuji huandika jumla: mwezi huu 41, mwezi ujao 43. Jumla hizo haziwezi kukaguliwa, haziwezi kusahihishwa, na haziwezi kusema kama ni kreni mbili zilizoongezeka au kumi zilizokuja na nane zilizoondoka. Usihesabu kreni kwa jumla. Iandikishe kila moja. Jumla itajitokeza yenyewe kutoka kwenye daftari.

Kila kreni ipewe namba yake ya kudumu, isiyotumika tena hata kreni ikiondoka. Kwenye mstari wake andika mahali ilipo kwa vipimo vya ramani, aina yake, rangi, jina la mradi na la mkandarasi kama yalivyo kwenye ubao wa eneo la ujenzi, na matumizi ya jengo: makazi, ofisi, hoteli, hospitali, elimu, miundombinu au mchanganyiko. Rangi isitegemewe peke yake, kwani kampuni moja ya kukodisha kreni inaweza kuwa na kreni zake mtaa mzima, zote za rangi moja. Namba iliyobandikwa kwenye mlingoti au bango lililofungwa kwenye mkono wa nyuma, karibu na mawe ya uzito, ni utambulisho bora zaidi, na darubini ya kawaida hutosha kuisoma kutoka barabarani.

Tarehe ziwe nne badala ya mbili. Kwa ujio, andika mzunguko wa mwisho ambao kreni haikuwepo na mzunguko wa kwanza ilipoonekana. Kwa kuondoka, mzunguko wa mwisho ilipoonekana na wa kwanza ambao haikuwepo. Tarehe halisi iko mahali fulani kati ya hizo, na daftari linapaswa kukiri hivyo. Aidha, tofautisha “haikuonekana” na “imeondoka”. Neno la kwanza ni habari kuhusu mhesabuji na hali ya hewa; la pili ni habari kuhusu mradi, nalo lisiandikwe mpaka mtu amefika pale na kukuta mlingoti umeshushwa.

Mara nyingine tarehe halisi hupatikana bila kutazama. Kusimika na kushusha kreni kubwa huhitaji kreni ya gari na nafasi ya kuisimamisha, kwa hiyo mara nyingi barabara hufungwa, na mara nyingi hufungwa mwishoni mwa wiki. Matangazo ya kufungwa kwa barabara yanayotolewa na halmashauri ya jiji ni chanzo kizuri kuliko kinavyodhaniwa, maana hutaja mtaa, tarehe na sababu.

Siku na saa ya kuhesabu

Hesabu kila mwezi ukiweza, na kila robo mwaka ukishindwa. Mzunguko wa miezi sita unafaa kwa kulinganisha miji, lakini hupoteza kreni zinazokuja na kuondoka katikati, na huacha tarehe za ujio na kuondoka zikiwa na upana wa nusu mwaka. Chagua siku ya kazi, saa za kazi, na uishike siku hiyo, tuseme Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Asubuhi kwenye hewa safi ni bora, jua likiwa mgongoni mwako. Kreni inayotazamwa dhidi ya jua ni mstari mweusi usio na rangi wala maandishi.

Upepo unastahili aya yake. Kreni isiyo kazini huachwa huru kuzunguka, ili mkono ufuate upepo na mnara usisukumwe kwa nguvu kubwa. Siku ya upepo mkali, kazi inaposimamishwa, mikono yote ya jiji huelekea upande mmoja. Ukisimama pembeni mwa mwelekeo huo utaiona yote kwa urefu wake, na ni siku nzuri ajabu ya kutenganisha kreni zilizosongamana. Ukisimama katika mstari wa upepo utaiona kwa ncha tu, na kreni mbili zilizo moja nyuma ya nyingine zitaonekana kama moja. Hata hivyo, siku hiyo haikufai kwa kuamua kreni ipi inafanya kazi na ipi imelala.

Usiku una faida ndogo. Taa nyekundu za tahadhari kwa ndege huonekana mbali, lakini majengo marefu na minara ya mawasiliano huwa nazo pia, na kreni fupi huenda isiwe na taa kabisa. Tumia usiku kuthibitisha tu.

Inafanya kazi au imesimama?

Katikati ya Machi 2020, meya wa Boston aliamuru shughuli nyingi za ujenzi jijini zisimame kwa sababu ya korona. Kreni hazikushushwa. Mtu aliyehesabu minara wiki moja kabla na wiki moja baada ya amri hiyo angepata namba ile ile, huku kazi iliyokuwa ikiendelea chini yake ikiwa imekatika karibu yote. Mfano huo ni wa ghafla na kila mtu aliujua. Hatari zaidi ni mradi mmoja mmoja unaoishiwa fedha kimyakimya, ambapo mkandarasi huondoa wafanyakazi lakini kreni inabaki juu kwa miezi kwa sababu hakuna anayetaka kulipia kuishusha.

Kwa hiyo kila kreni iwekewe hali yake katika kila mzunguko. Itazame kwa dakika kumi na tano. Kreni iliyolazwa kwa utaratibu huwa na ndoano iliyopandishwa juu kabisa na toroli lililovutwa karibu na mlingoti. Ile ya mkono wa kupanda huachwa katika pembe iliyopangwa na mtengenezaji. Ukiikuta hivyo saa nne asubuhi ya siku ya kazi isiyo na upepo, andika “imelala”. Mara moja si ushahidi, kwani mwendeshaji anaweza kuwa mapumzikoni, lakini ikilala mizunguko mitatu mfululizo, na jengo halijaongezeka ghorofa hata moja, una habari ambayo hakuna kibali kitakachokupa. Idadi ya ghorofa zilizokwishamwagwa zege ni kipimo rahisi cha ziada. Inaandikwa kwa sekunde chache na haidanganyi.

Vyanzo vya kusaidia macho

Mamlaka za usafiri wa anga hutaka kujua vitu virefu. Nchini Marekani, mtu anayekusudia kusimamisha chochote kinachozidi futi 200 kutoka ardhini, takribani mita 61, kreni ikiwemo, hutakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya anga ya shirikisho angalau siku 45 kabla, na hifadhidata ya taarifa hizo iko wazi kwa umma. Uingereza iliwahi kuwa na daftari la kisheria la kreni za mnara lililoanzishwa na kanuni za 2010 na kufutwa 2013. Uliza kama nchi yako ina kitu kama hicho, lakini ukikipata usikigeuze kuwa hesabu: taarifa hutolewa kabla ya kazi, baadhi ya kreni hazifiki kamwe, na nyingine huondoka bila mtu kurudi kufuta jina lake. Daftari la namna hiyo hukuonyesha pa kutazama.

Picha za setilaiti zina mipaka inayofaa kujulikana mapema. Zile za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zina ukubwa wa mita 10 kwa kila doa (pikseli) la picha, ilhali mkono wa kreni una upana wa mita chache tu. Hutaiona kreni, ingawa utaona kiwanja kikisafishwa na shimo likichimbwa, jambo linalokupa orodha ya mahali kreni zitakapotokea. Picha za kibiashara za chini ya mita 1 huonyesha kreni yenyewe, na mara nyingi kivuli chake husomeka vizuri kuliko umbo lake, kwa sababu kreni ikitazamwa kutoka juu ni mstari mwembamba juu ya vurugu za nondo na mbao. Kwa kujenga historia ya nyuma, picha za zamani katika Google Earth na Street View husaidia, mradi ukubali kwamba tarehe zake hazikupangwa kwa ajili yako na kwamba miezi mingine itakosekana.

Ni ngapi umezikosa?

Watu wawili wahesabu eneo lile lile siku moja bila kuwasiliana, kisha walinganishe orodha zao, si jumla zao. Tuseme wa kwanza ameandika kreni 40, wa pili 36, na 30 ziko katika orodha zote mbili. Kwa pamoja wameona kreni 46 tofauti. Sasa zidisha 40 kwa 36 na ugawe kwa 30: unapata 48. Hayo ndiyo makadirio ya idadi halisi, yaani kuna kama mbili ambazo hakuna aliyeziona. Wanaohesabu samaki na wanyamapori hutumia hesabu hii hii. Udhaifu wake ni kwamba hudhani makosa ya wahesabuji hawa hayahusiani, ilhali kreni iliyofichwa na mnara imefichwa kwa wote wawili. Kwa hiyo chukua matokeo kama kiwango cha chini cha ulichokosa. Si lazima kurudia zoezi hili kila mwezi. Mara moja kwa mwaka, na kila anapoingia mhesabuji mpya, inatosha.

Kuisoma namba

Idadi ya kreni zilizosimama ni zao la vitu viwili: kasi ya kreni mpya kuja, na muda ambao kila moja inakaa. Jiji linalosimika kreni 5 kwa mwezi, kila moja ikikaa miezi 12, litakuwa na kreni 60. Jiji linalosimika 4 kwa mwezi, kila moja ikikaa miezi 15 kwa sababu saruji inachelewa, mafundi ni wachache au mikopo imekauka, litakuwa na kreni 60 vilevile. Jiji la kwanza humaliza viunzi vya kreni 60 kwa mwaka na la pili 48, lakini anayesoma jumla peke yake atatangaza kwamba yako sawa. Mbaya zaidi, wakati wa mtikisiko kasi ya ujio hushuka huku muda wa kukaa ukirefuka, na mambo haya mawili hufichana. Jumla inaweza kubaki tuli kwa miezi kadhaa wakati ujenzi unapungua.

Ndiyo maana daftari la mstari mmoja kwa kila kreni lina thamani kuliko grafu yoyote ya jumla. Kutoka humo toa namba nne kila mzunguko: zilizosimama, zilizokuja, zilizoondoka, na umri wa kati wa zilizosimama. Ujio ukishuka na umri ukipanda, mdororo umeanza, hata kama jumla haijatikisika. Kuondoka nako kuna habari yake: kreni hushushwa kiunzi kinapofika juu au kukaribia, na baada ya hapo jengo huhitaji miezi mingi zaidi ya kazi za ndani. Anayetaka kukadiria ni nyumba ngapi au ofisi ngapi zitaingia sokoni, aangalie kuondoka kuliko ujio. Naona ajabu kwamba tarehe hii huandikwa na wachache mno.

Hesabu miradi sambamba na kreni. Hospitali moja kubwa inaweza kutumia kreni sita na kuipandisha jumla kwa robo nzima ya mwaka, ilhali wajenzi wengine wote wanafunga virago. Kwa kuchapisha namba zote mbili, msomaji ataona kama shughuli imetawanyika au imekaa kiwanja kimoja.

Kulinganisha jiji na jiji kunahitaji tahadhari zaidi. Katika fahirisi ya Rider Levett Bucknall, Toronto ilikuwa na kreni zaidi ya 200 mwanzoni mwa muongo wa 2020, mbali kabisa na miji mingine ya Amerika Kaskazini. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba Toronto inajenga sana; sehemu nyingine ni kwamba inajenga minara ya makazi ya zege, aina ya jengo isiyowezekana bila kreni ya mnara. Jiji linalopanuka kwa nyumba za ghorofa moja na mbili pembezoni linaweza kujenga makazi mengi zaidi bila hata kreni moja. Hesabu hii ni kipofu kwa nyumba hizo, kwa barabara, kwa ukarabati wa ndani na kwa maghala yanayoinuliwa na kreni za magari. Linganisha jiji na lenyewe kwanza, kisha na miji inayojenga kwa mtindo unaofanana nalo.

Na jihadhari na madai kwamba jiji fulani lina sehemu kadhaa ya kreni zote za dunia. Wakati wa msisimko wa ujenzi wa Dubai katika muongo wa 2000, ilirudiwa kila mahali kwamba jiji hilo lina robo ya kreni zote duniani. Ili kusema hivyo ni lazima mtu awe na idadi ya kreni zote duniani, na hakuna daftari la dunia la kreni.

Kuchapisha

Ukitaka fahirisi, chukua wastani wa mwaka wako wa kwanza uwe 100, yaani ugawe kila hesabu kwa wastani huo kisha uzidishe kwa 100. Usianzie mwezi mmoja, kwa sababu mwezi huo ukiwa wa baridi kali au wa mvua nyingi, kila namba inayofuata itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Katika miji yenye majira makali, linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia.

Ramani ya kila kreni inaweza kuwekwa wazi, kwa kuwa kreni inaonekana na kila mtu, lakini usidai kwamba mradi fulani “umekwama” kwa kuona mkono uliolala. Andika ulichokiona: kreni haikusogea katika mizunguko mitatu, na ghorofa hazijaongezeka. Usiingie ndani ya uzio wa eneo la ujenzi, usirushe droni bila kibali, na karibu na viwanja vya ndege au majengo ya kijeshi ulizia kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa.

Marekebisho yatakuwepo kila mara. Kreni iliyogunduliwa Juni kwenye kichochoro ambacho hakikupitiwa Mei, na ambayo ubao wake unaonyesha ilisimikwa Aprili, iongezwe kwenye hesabu za Aprili na Mei, na jedwali jipya lichapishwe likiwa na tarehe ya marekebisho na namba ya zamani kando ya mpya. Weka nakala ya kila toleo. Mtu atakayelinganisha hesabu yako na takwimu rasmi miaka mitano baadaye atahitaji kujua kile ulichokuwa ukikijua wakati ule, tofauti na kile ulichokuja kukijua.